Mkono Uliokata Mulombwa

Jumapili ile, walipotoka kanisani na kubadili nguo, Lucien Kalenga alimzuia mkewe mlangoni. Sanduku lilikuwa tayari uani, limefunikwa kitambaa na kufungwa kwa kamba juu ya mkokoteni wa kukodi, na mwenye mkokoteni amekaa kivulini akisubiri.

"Mama Falonne, sikiliza. Bakiuliza nani alikata ile meno, ni mi. Bakiuliza nani alipiga randa, ni mi. We ulishika tu mbao."

"Nimesikia."

"Josias atakuwa pale."

"Nimesikia, Tata Falonne."

Adèle alisema hivyo huku akimfunga kifungo cha mkono wa shati, maana kifungo kile kilikuwa kimemshinda mumewe tangu asubuhi. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Si kwa nguvu. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana tu, taratibu, kama vinavingirisha punje ya mchele. Aliushika mpaka ukatulia, akapitisha kifungo tunduni, akauachia. Ukaanza tena. Lucien akautia mfukoni, na humo mfukoni ndimo ulimokaa njia nzima.

Lucien alikuwa dereva. Aliendesha yale makamyo marefu kuliko nyumba, yanayopanda kutoka chini ya shimo yakiwa yamejaa mawe ya shaba na kobalti, katika mojawapo ya machimbo yanayouzunguka mji wa Kolwezi. Aliianza kazi hiyo kabla Falonne, binti yao wa pekee ambaye kwa jina lake waliitana Mama na Tata, hajajua kutembea, na sasa Falonne alikuwa Lubumbashi akisomea uuguzi. Lakini kilichompa raha Lucien ni mbao. Akitoka zamu, hata kabla ya kuoga, alipita kwanza nyuma ya nyumba kutazama alichokiacha kwenye meza yake ya kazi. Walikuwa wanaume kadhaa wenye kichaa hicho hicho, na hakuna hata mmoja wao aliyekula kwa useremala. Kila baada ya miezi michache walikutana Jumapili uani kwa Mukalay, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Manika, kila mtu na kitu alichokimaliza. Vitu vilipangwa mezani, wakavigeuza juu chini, wakapitisha vidole, wakasifu, wakachekana, wakatafutana kasoro.

Safari hii Lucien alikuwa na sanduku la mablanketi. Lilikuwa la mulombwa, ule mti mgumu wenye wekundu ndani, ambao mbao zake zilimfikia kwa lori kutoka Sandoa. Halikuwa na msumari hata mmoja. Kwenye pembe, mbao zilikatwa meno, meno ya ubao huu yakaingia katikati ya meno ya ubao ule, yakashikana.

Na meno yote hayo aliyakata Adèle.

Ilianza msimu wa mvua uliopita. Mwanzoni ni kidole gumba tu, nao wakasema ni uchovu wa usukani. Kisha Adèle, ambaye ni mshonaji na jicho lake limezoea kuona nguo inavyomkaa mtu, akaona kwamba mume wake akitembea mkono mmoja unapunga na mwingine umening'inia, kama amebeba ndoo asiyoijua. Maandishi yake yakawa madogo. Kijiko kikaanza kugonga sahani. Siku aliyoanza sanduku, msumeno ulimteleza ukaharibu ubao wa kwanza, ule mzuri kuliko zote, na Lucien akaurusha msumeno katikati ya mihogo, akaingia ndani akajilaza na viatu.

Adèle aliuokota. Aliufuta udongo kwa kanga yake, akachukua kipande cha ubao ulioharibika, akachora mstari kwa chaki ya cherehani, akakata. Alikata vibaya. Akachora mwingine. Alipoinua uso, Lucien alikuwa amesimama mlangoni.

"Usisukume," alimwambia. "Vuta, uache ikuje yenyewe."

Tangu siku hiyo yeye alichora na kueleza, mkewe akakata. Walicheka sana, siku zile za mwanzo. Na kitu ambacho Adèle hakumwambia mtu yeyote, hata mama mchungaji, ni kwamba alikipenda. Aliacha gauni la mteja likining'inia na pindo nusu, akaenda nyuma ya nyumba kumalizia jino moja, kisha jingine. Harufu ya mulombwa ilimkaa kwenye nywele. Alijua kwamba anamsaidia mumewe. Aliamua kufikiri hivyo, na akafikiri hivyo, mpaka Ijumaa.

Ijumaa, Tatiana alikuja kupimwa gauni. Tatiana ni mke wa Gradi, kijana anayeendesha pikapu ya mafundi kule kule shimoni kwa Lucien; walikuwa majirani, na wali na bukari, ule ugali wao, vilipita ukuta kwenda na kurudi. Alikuwa amejifungua si zamani, gauni la ubatizo lilihitaji kulegezwa kifuani. Akiwa amesimama mikono juu, akaanza kusimulia.

"Mama Adèle, juma hii Mungu alitukumbuka. Gradi alikuwa nashuka kwa njia ya shimo, kamyo moja kubwa ikatoka upande yake, ikakuja upande ya Gradi, pole pole, kama shofere analala. Gradi akapanda juu ya ule ukingo ya udongo. Tairi moja ilikuwa inazunguka mu hewa, Mama. Mu hewa!"

Adèle alikuwa na pini midomoni. Alizitoa. "Nani alikuwa shofere?"

"Gradi anakatala kusema. Anasema ni tata moja wa heshima, na hataki kumuharibia kazi. Nimelia, nimemuambia we ukikufa, ule tata wa heshima atakuja kulisha mutoto?"

Adèle aliendelea kupima. Alipomaliza aligundua ameandika vipimo vya mtu mwingine kabisa, ikabidi amwombe Tatiana asimame tena.

Jumamosi alijaribu kusema na Lucien. Lucien hakumpa nafasi. Yeye alikuwa na habari yake mwenyewe: kazini watu walikuwa wananong'ona juu ya mkono wake, na Josias, mkuu wa zamu, angeamua Jumatatu kama ampeleke kwa daktari wa kampuni au la. Walijua vyema maana ya daktari yule. Jirani yao wa zamani alipelekwa kwake kwa sababu ya macho. Sasa yuko Mutoshi, anachimba kwa koleo na vijana wenye umri wa wanawe.

"Josias ananipenda," Lucien alisema. "Anatafuta tu kitu ya kushika mukononi, ya kusema Kalenga ni muzima. Kesho tutamupatia."

Hapo ndipo Adèle alipoelewa sanduku lile lilikuwa linaenda kufanya kazi gani.

*

Uani kwa Mukalay meza ilikuwa imeshawekwa. Mama Angèle, mke wa mwenyeji, alimkaribisha Adèle jikoni kama kawaida, akampa sinia la bilauri za munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachuka, apitishe. Wanawake waliokuja na waume zao walikaa upande wa jiko. Wanaume walisimama kuzunguka meza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kuuliza.

René, anayeuza dawa karibu na soko, alileta ubao wa dama wenye miraba ya mbao nyeupe na nyekundu, na alishindwa kueleza kwa nini upande mmoja ulikuwa na mraba mmoja zaidi. Walimcheka mpaka akaanza kujicheka mwenyewe. Mukalay alikuwa na rafu ya vitabu vya nyimbo vya kwaya. Josias alileta kiti cha kukunja, akakifungua, akakaa, akainuka, akakikunja, akakifungua tena, akitazama kila uso. Josias ni mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kovu la zamani shingoni. Yeye na Lucien waliingia kazini mwaka mmoja, wakashika usukani pamoja, kabla Josias hajapandishwa cheo.

Na Gradi alileta kitanda cha mtoto. Kilikuwa kitu chake cha kwanza. Miguu haikulingana, kwa hiyo kiliyumba hata pasipo kuguswa, naye alisema ndivyo alivyotaka, ili mtoto abembelezeke. Walikipigia makofi. Adèle alipita na sinia, Gradi akachukua bilauri, akasema, "Aksanti, Mama," bila kumtazama usoni. Ndipo Adèle alipojua kwa hakika dereva yule alikuwa nani. Kijana huyu, aliyekula kwake mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, alikuwa anakwepa macho yake kwa aibu ya kosa lisilo lake.

"Sasa Kalenga," alisema Mukalay. "Fungua, tuone."

Lucien aliivuta kamba kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki mfukoni, na mtu asiyejua angedhani ni maringo. Kitambaa kikaondoka. Jua lilipiga kwenye kifuniko, na wekundu wa mulombwa ukatoka kama kitu chenye damu ndani yake.

Josias aliinama kwanza. Alipitisha ukucha kwenye pembe, juu mpaka chini.

"Hapa ata nywele haiingie," alisema. "Lucien. Ulikata na masini?"

"Masini nitatoa wapi? Na mukono."

"Mukono ya kuume?"

"Ya kuume."

Adèle alikuwa hatua chache nyuma yao, sinia kifuani. Aliona shingo ya mumewe, jinsi mshipa ulivyosimama. Josias aliendelea kuzunguka sanduku, akapiga magoti, akatazama pembe ya nyuma ambayo watu hawaitazami. Aliposimama, uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuwa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Bon," alisema, na akamshika Lucien bega. "Nisikilizeni bote. Pale kazini bantu banasema mingi. Banasema mukono ya Kalenga inakufa. Kesho nilipashwa kumutuma kwa munganga, na tangu juma yote sikulala muzuri. Sasa nimeona na macho yangu. Mutu wa mukono ya ugonjwa hawezi kukata hivi. Kesho nitabaambia baache maneno yabo." Akatabasamu. "Na utarudia ile njia ndefu ya chini, Lucien. Tunapungukiwa mashofere. Utakuwa ekipi moja na huyu kijana Gradi."

Gradi alikuwa amechuchumaa, anatia kijiti chini ya mguu mfupi wa kitanda chake. Mkono wake ulisimama. Aliinua macho akamtazama Lucien, mara moja tu, kisha akayarudisha chini kwenye kijiti.

Hatasema, Adèle aliwaza. Huyu hatasema hata akiwa juu ya ule ukingo wa udongo na tairi zote nne hewani. Atasema ni tata wa heshima.

Aliwaza ada ya Falonne. Aliwaza yule jirani na koleo lake. Aliwaza pia, na hili lilimshangaza lilivyokuja kwa nguvu, kwamba Josias amepitisha ukucha kwenye pembe aliyoihangaikia yeye siku tatu na kumpongeza mtu mwingine. Haya yote yalipita kichwani kwa muda mfupi kuliko kumeza mate. Aliliweka sinia juu ya ubao wa dama wa René. Bilauri ziligongana, na watu wakageuka.

"Tata Josias," alisema, "ile sanduku nilikata mi."

René ndiye aliyecheka. "Mama Adèle! Leo umekunywa munkoyo ya juzi!"

Lucien naye akacheka, kwa sauti kubwa mno. "Bibi yangu anapenda sifa. Alishika mbao, kweli. Alishika muzuri."

"Nilishika musumeno." Sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka kwa mtu aliye upande wa pili wa ukuta. "Tata Falonne alichora, mi nilikata. Meno yote. Mukono yake haiwezi tena, Tata Josias. Haiwezi kufunga kifungo. Leo asubuhi nimemufunga mi."

Kule jikoni Mama Angèle aliacha kukoroga. Mukalay alikohoa, akaanza kusema kwamba chakula kiko karibu, ni afadhali watu wanawe mikono. Hakuna aliyesogea.

"Mama Falonne," alisema Lucien. Hakupaza sauti. "Rudia kule kwa bamama."

Hakurudi.

"Mukalay, leta mbao," Lucien alisema. "Leta musumeno yako. Nitakata hapa mbele ya bantu, tumalize."

"Ndugu yangu, si lazima…"

"Leta!"

Mukalay akaleta. Kipande cha mbao laini, cha kuwashia moto, kikabanwa pembeni mwa meza. Lucien alichukua penseli kwa mkono wa kushoto akachora mstari, uliopinda kidogo, lakini mstari. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni.

Labda alidhani hasira ingeutuliza. Alishika mpini wa msumeno kwa nguvu mpaka vifundo vikawa vyeupe, na kwa muda mfupi kweli mkono ulitulia, na Adèle, ambaye dakika ile ile ametoka kumsaliti, alijikuta anaomba aweze. Meno ya msumeno yakagusa ubao. Yakaanza kugonga. Tik, tik, tik, tik, juu ya mstari, nje ya mstari, hayakuingia popote. Lucien alikandamiza. Msumeno uliruka, ukakwaruza meza ya Mukalay, ukarudi. Tik, tik, tik. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso likadondokea ubaoni. Alijaribu tena. Hakuna aliyemzuia, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kutazama: watu wazima wote wale wamesimama, wanasikiliza mlio mdogo ule.

Akauweka msumeno chini.

"Tangu lini?" Josias aliuliza.

"Tangu mvua zilizopita."

"Na ulikuwa unashuka shimoni kila siku."

Ndipo Gradi aliposimama, mikono imeshuka ubavuni kama mtoto wa shule.

"Shefu, ile siku kwa njia… ile pikapu iliyopanda ukingo… ni mi nilikuwa ndani."

"Najua ni we," alisema Lucien. "Nilikuona kwa kioo."

Adèle alimgeukia mumewe. Hilo hakulijua. Kwa siku mbili alikuwa akijiambia kwamba Lucien hakuona, kwamba kule juu kwenye kibanda cha dereva mtu haoni mchanga wala pikapu. Kumbe aliona. Alimtambua Gradi kwenye kioo, na kesho yake akaamka, akafungiwa vifungo, akaenda tena.

Lucien alipita katikati yao mpaka langoni, akatoka. Sanduku alibaki nalo Mukalay. Adèle aliaga kwa kichwa tu akamfuata, na Josias akasema nyuma yake, si kwa ukali, "Ungeniambia weye mwenyewe, Lucien. Mi siko munganga wala polisi," lakini aliyeambiwa alikuwa ameshafika mbali kwenye vumbi jekundu la barabara, mkono mmoja unapunga, mwingine umening'inia.

*

Nyumbani alimkuta ameketi kitandani.

"Umeniua mbele ya bantu."

"We ungeua mutoto ya bantu."

"Unazani sijui? Ile siku nilisimamisha kamyo juu kabisa, nikashuka, nikatapika nyuma ya tairi. Kila asubuhi naomba njia nzima. Naomba, Mungu, leo tu. Kesho nitasema, leo tu." Alikuwa anautazama mkono wake juu ya paja, ukivingirisha punje yake isiyoonekana. "Na we ulikuwa unajua mukono. Ulinifunga kifungo. Ulinifunga kila siku, Adèle, na ulinifungulia mulango niende."

Hakumwita Mama Falonne. Alimwita kwa jina, kama siku za uchumba, na halikuwa tamu. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Adèle alitoka nje akakaa karibu na meza ya kazi mpaka giza likaingia, hakugusa kitu.

Jumatatu Josias alikuja mwenyewe na gari kumchukua Lucien hadi kwa daktari. Hawakumpa kamyo tena. Zikafuata wiki za kusubiri, na wiki zile zilikuwa mbaya kuliko Jumapili yenyewe. Lucien alikula akimgeuzia mkewe ubavu. Alifunga vifungo vyake peke yake, ilimchukua muda mrefu, na Adèle aliketi chumba cha pili akisikiliza pumzi zake bila ruhusa ya kuinuka. Mtaani watu walisema mke wa Kalenga amemfukuzisha mume kazi. Mteja mmoja alichukua kitambaa chake kisichoshonwa akapeleka kwingine. Tatiana tu ndiye aliyekuja, akambwaga mtoto mapajani mwake, akakaa naye mchana mzima bila kusema neno juu ya jambo lolote.

Hospitali ya Lubumbashi, ambako Falonne aliwapangia siku na kuwangoja mlangoni, iliupa ugonjwa jina refu la Kizungu, na vidonge. Daktari alieleza kwamba vidonge havitauondoa. Vitaushikilia tu, kwa muda. Lucien aliuliza swali moja: kama ungempata hata kama asingeendesha kamyo. Daktari akasema ndiyo. Kwenye basi la kurudi, karibu na Likasi, Lucien alisinzia na kichwa chake kikaangukia bega la mkewe. Adèle hakusogea mpaka bega likafa ganzi.

Kazi hawakumnyima, ingawa kwa muda ilionekana watamnyima. Josias alibishana na wakubwa. Alivyobishana, hakuna aliyesimuliwa. Mwisho wakamweka kwenye kile kibanda cha juu ya shimo ambako mtu anaongoza makamyo kwa redio, nani ashuke, nani ampishe nani. Mshahara ulipungua, marafiki wa zamani wa usukani wakamtania. Alirudi siku ya kwanza akiwa amekasirika. Akarudi siku ya pili akimsimulia Adèle, kabla hajakumbuka kwamba hasemi naye, jinsi madereva wa siku hizi wasivyosikia wanachoambiwa.

Mukalay alikuja na sanduku juu ya mkokoteni, na swali. Kikundi kilikuwa kimezungumza. Baadhi walisema ni cha wanaume. Mama Angèle, kutoka jikoni, aliuliza ni wapi kimeandikwa hivyo. Kwa hiyo, mara ijayo, kama Mama Adèle ana kitu cha kuonyesha, akilete. Adèle alimtazama Lucien. Lucien alikuwa anameza kidonge chake.

"Uliza yeye," Lucien alisema. "Mukono ni yake."

Adèle alitengeneza kigoda cha miguu mitatu. Alikitengeneza peke yake, kuchora na kukata, na mara mbili alifika mlangoni kumwuliza mumewe jambo, akarudi bila kuuliza. Jumapili ilipofika Lucien alivaa, akatoka pamoja naye, akabeba kigoda kwa mkono wa kushoto. Uani kwa Mukalay watu walimsalimia kwa uangalifu, kama mtu aliyetoka msibani. Kigoda kikawekwa mezani. Adèle alisimama karibu nacho.

Josias alikishusha akakikalia. Kikatoa sauti. Mlio mrefu, mwembamba, wa mguu unaozunguka tunduni mwake. Josias akaganda, mikono hewani, kilo zake zote zikisubiri.

Na Lucien akacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Inuka, shefu, inuka, itakuangusha! Ni gundi. Bantu, muangalie hapa, aliweka gundi kidogo, na hakungoja ikauke. Huyu mama haraka yake! Mi ningemuambia, lakini hakuniuliza."

Watu wote wakaangua kicheko, Gradi naye. Adèle alisikia uso wake unawaka. Alimpokonya Josias kigoda, akakigeuza, akatazama ule mguu, na ilikuwa kweli, ilikuwa gundi kabisa.

"Gundi niliweka ya kutosha," alisema. "Ni tundu. Ulinoa patasi vibaya mwaka jana, haikati."

"Patasi yangu? Patasi yangu inakata ata ndevu!"

Walirudi nyumbani wakibishana juu ya patasi. Walibishana mbele ya duka la mikate, walibishana walipowapisha vijana wa pikipiki wenye magunia, na walipofika langoni Adèle alikuwa amepandisha sauti kiasi cha Tatiana kuchungulia juu ya ukuta kuona kuna nini. Lucien alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba kuitafuta patasi, ili amwonyeshe.